Nyabingi: Aliyeuawa Akawa wa Kuogopwa
Masimulizi ya Ndorwa, penye mpaka wa Rwanda na Uganda wa leo, hupishana juu ya nani aliyemwua Nyabingi. Mengi husema alikuwa mtawala wa kike, na kwamba roho yake ilimwandama muuaji hata ikatolewa sadaka. Jina hufasiriwa “mwenye vingi”. Msemaji wa Kiswahili cha Bukavu, asemaye bingi, hahitaji mkalimani.

Kisasi hicho hakikuishia kwa muuaji. Muhumusa, aliyejitangaza mjane wa Kigeli Rwabugiri, alikielekeza kwa Wazungu. Waingereza walimkamata mwaka 1911, wakamzuia Kampala hadi alipofariki mwaka 1945. Lakini abagirwa wengine waliendelea kunena kwa jina la Nyabingi, na mwaka 1917 Nyakishenyi iliasi.