Subira katika Uislamu: Maana yake na mipaka yake

SUBIRA ni miongoni mwa fadhila zinazosisitizwa mno katika Kurani. Neno lenyewe limetokana na Kiarabu, na asili yake ni kuzuia: mja huizuia nafsi isipapatike, ulimi usikufuru na mkono usitende lililokatazwa.

Wanazuoni huigawa mafungu matatu. La kwanza ni kudumu katika ibada, mathalani sala ya alfajiri na saumu. La pili ni kujiepusha na maasi hata nafsi inapoyatamani. La tatu ni kustahimili misiba. Sura ya Al-Baqara, aya ya 155, inataja hofu, njaa na upungufu wa mali, watu na mazao. Katika hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik, Mtume alimweleza mwanamke aliyekuwa akilia kaburini kuwa subira hasa ni ile ya pigo la kwanza.

Hata hivyo, subira si kukunja mikono. Sura ya Yusuf inasimulia jinsi Nabii Yakubu alivyomlilia mwanawe hadi macho yakapofuka, akamshtakia Mungu huzuni yake, kisha akawatuma wanawe wakamtafute Yusuf na nduguye. Machozi hayakuitangua subira yake, wala subira haikumzuia kutafuta.

Wavuvi wa Malindi, Mambrui na Kilifi wanaifahamu hali hiyo. Kusi inapovuma, takriban kati ya Aprili na Septemba, bahari huchafuka na vyombo vidogo hushindwa kwenda mbali. Kipato hupungua, lakini mvuvi hutumia siku hizo kushona nyavu na kukalafati chombo, akiingoja kaskazi.

Waswahili wameihifadhi maana hii katika fasihi pia. Utendi wa Ayubu, unaosimulia mitihani ya nabii huyo, ni miongoni mwa tenzi zilizochapishwa na J.W.T. Allen katika kitabu Tendi, mwaka wa 1971.

Aidha, subira haimwondolei jirani wajibu. Jaafar bin Abi Talib alipouawa vitani, Mtume aliagiza jamaa zake wapikiwe chakula. Ndiyo maana katika matanga ya pwani majirani hupeleka sahani kwa wafiwa. Kumwambia mwenye njaa asubiri, ilhali chakula kipo, si kumfunza subira bali ni kumnyima haki yake. Subira huvuta heri, lakini heri hiyo aghalabu hupitia mikononi mwa watu.