Joto katika Feleji Ngumu

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya United States Steel ilitoa feleji iliyoitwa T-1. Bamba lake lilipashwa moto hadi nyuzi 900 hivi za Selsiasi, likapozwa ghafla kwa maji, kisha likapashwa upya kupita nyuzi 600 ili lisivunjike kama kigae. Lilistahimili mkazo wa megapaskali 690, karibu mara tatu ya feleji ya kawaida ya ujenzi. Daraja la Carquinez la California, lililofunguliwa mwaka 1958, lilijengwa kwa sehemu na feleji hiyo.

Ugumu ulikuja kwenye kuchomelea, kwa kuwa moto wa fundi huvuruga kazi iliyofanywa kiwandani. Joto likizidi, chuma kilicho kando ya mshono hulainika na kupoteza nguvu yake. Likipungua, bamba nene hulifyonza upesi mno, na ukanda huo huwa mgumu kupita kiasi. Hapo ndipo hidrojeni, inayotoka kwenye unyevu wa vijiti vya kuchomelea, hufanya madhara yake: hujipenyeza ndani na kuleta ufa baada ya saa kadhaa au hata siku, wakati mshono umekwisha kukaguliwa na kupita. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa feleji za aina hii husubiri saa 48.

Dawa ilikuwa imeanza kupatikana katika Vita vya Pili vya Dunia, kwenye deraya za vifaru. Nikeli na kromi za vijiti vya awali zilipoadimika, viwanda viligeukia vijiti vyenye hidrojeni kidogo, ambavyo hukaushwa na kutunzwa katika tanuri. Bamba nene nalo hupashwa kwanza, na kila tabaka la mshono huwekewa kikomo cha joto. Kukata kwa gesi pia huacha ukingo mgumu, unaofaa kusagwa kabla ya kuchomelewa.

Melbourne ilionja hasara mapema. Tarehe 10 Julai 1962, asubuhi ya baridi, sehemu ya Daraja la King Street ilishuka chini ya lori zito. Feleji yake haikuwa T-1, lakini nyufa zilianzia kando ya mishono, nyingine tangu kiwandani.

Mwezi Mei 2021 ufa mkubwa ulionekana katika daraja la T-1 huko Memphis, juu ya mto Mississippi, lililofunguliwa mwaka 1973. Uchunguzi uliurudisha kwenye hidrojeni iliyobaki katika mshono wa kiwandani. Serikali ya Marekani ikaagiza mishono ya madaraja mengine ya T-1 ipimwe kwa mawimbi ya sauti.