Rubani Yupo, Ila Yuko Chini

Redio na magazeti ya Kiswahili yamezoea kusema "ndege isiyo na rubani" kwa chombo ambacho mitaani Buyenzi na Bwiza, Bujumbura, kinaitwa droni tu, kama Kifaransa kilivyolileta neno. Jina la redio lina nasaba ya kuheshimika. Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ulio msingi wa sheria za anga duniani, kinakataza ndege inayoweza kuruka bila rubani isipite juu ya nchi mwanachama bila kibali maalumu. Lakini wenye mkataba wenyewe wamekwisha kusogea. Katika waraka wake wa 2011 kuhusu vyombo hivi, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilianza kutenganisha makundi, na kundi linalotarajiwa kuingia katika anga moja na ndege za abiria likapewa jina la ndege inayoongozwa na rubani wa mbali. Sisi tumebaki na tafsiri ya 1944. Kwa jiji kama Bujumbura, tafsiri hiyo ina kasoro kubwa kuliko ya lugha, kwani inamfuta mtu yule yule ambaye usalama wa uwanja wa ndege unamtegemea.

Uwanja wa Kimataifa wa Melchior Ndadaye, uliopewa jina hilo mwaka 2019, uko kwenye tambarare ya Imbo, nje kidogo ya jiji. Njia yake ya kurukia na kutulia ina urefu wa mita 3,600 na inaelekea kaskazini na kusini. Upande mmoja kuna Ziwa Tanganyika, upande mwingine delta ya Rusizi na Gatumba, kisha mpaka wa Kongo. Ndege kubwa inapotua kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi 3, hushuka kama mita 52 kwa kila kilomita moja. Ikibakiza kilomita 2 kufika mwanzo wa njia, ambao huupita ikiwa bado hewani kidogo, inakuwa kwenye kimo cha mita 120 hivi. Na mita 120 ndicho kimo ambacho nchi nyingi humruhusu mrusha droni wa kawaida kukifikia! Mpiga picha za harusi aliyesimama chini ya mkondo huo anaweza kuheshimu kikomo cha kimo kwa uaminifu wote, na bado droni yake ikakutana uso kwa uso na ndege iliyobeba abiria. Rubani wa ndege hiyo anapita karibu mita 70 kila sekunde. Kitu cha plastiki chenye ukubwa wa sinia hatakiona kwa wakati. Rada ya kawaida nayo hutegemea sana chombo kinachojitambulisha chenyewe, na droni za madukani kwa kawaida hazibebi kifaa cha kujitambulisha kwa rada. Basi katika mkutano huo mwenye uwezo wa kukwepa ni mmoja tu, yule aliyeshika kidhibiti mkononi.

Wachunguzi wa ajali wanalijua hili, na lugha yao inaonyesha. Tarehe 21 Septemba 2017, helikopta ya jeshi la Marekani iligongana na droni karibu na Staten Island, New York. Helikopta ilirudi salama, na kipande cha droni kilichobaki kimenasa kikawafikisha wachunguzi kwa mwenyewe. Alikuwa ameirusha mbali kuliko macho yake yalivyoweza kuona, wala hakujua kwamba imegonga kitu hadi alipoulizwa. Ripoti ilieleza chanzo kuwa ni rubani wa droni kushindwa kuiona helikopta na kuikwepa. Rubani, ndivyo walivyomwita. Linganisha na Gatwick, Uingereza, Desemba 2018, ambako taarifa za droni kuonekana zilivuruga safari zipatazo 1,000 na abiria 140,000 hivi. Polisi waliwakamata watu wawili wasiohusika, wakawaachia, na uchunguzi ukafungwa 2020 bila mtu kushtakiwa. Hadi leo wapo wanaotilia shaka kama droni ilikuwepo kweli. Uwanja mzima ulisimama, na aliyetafutwa alikuwa rubani, asipatikane.

Watu watasema ndege wa Rusizi ni hatari zaidi. Delta ile ni hifadhi ya ndege wa majini, na kwa idadi ya migongano duniani kote, ndege wa manyoya wanaziacha droni mbali sana. Hoja hiyo ni ya kweli, ila ina pande mbili. Utafiti wa vyuo vikuu uliofanywa kwa ajili ya mamlaka ya anga ya Marekani na kutolewa 2017 uligundua kwamba droni huharibu zaidi kuliko ndege hai wa uzito ule ule, kwa sababu mota, betri na kamera hazibonyei kama nyama na mifupa. La pili linamrudia mwenye hoja. Korongo wa Rusizi haonyeki, hapewi leseni wala hafikishwi mahakamani. Yeye ndiye ndege asiye na rubani. Kumpa droni sifa ya korongo ni kumwondolea mtu dhamana yake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba siku hizi ziko droni zinazojiendesha. Zile za Zipline, zinazopeleka damu hospitalini Rwanda tangu 2016, hufuata njia iliyopangwa mapema. Lakini kituoni wapo wanaozisimamia safari zake, na kuna kampuni inayojibu kwa mamlaka ya anga. Hata droni za Umoja wa Mataifa zilizoanza kupeleleza kutoka uwanja wa Goma Desemba 2013 zilikuwa na waongozaji wake ardhini. Mashine ikipewa usukani, wajibu unabaki kwa binadamu. Ndiyo maana kanuni ya Marekani ya droni kujitambulisha angani, iliyoanza kutekelezwa kikamilifu Machi 2024, inataka droni nyingi zitangaze pia mahali alipo anayeziongoza.

Wengine watasema jina limekwisha kuzoeleka, liachwe. Katika mazungumzo sina ugomvi nalo, na "droni" inatosha kabisa. Ni fupi, na haidai lolote kuhusu rubani. Katika kanuni, fomu za vibali na mabango ya uwanjani hali ni nyingine, maana mwenye kamera ya harusi anayesoma "isiyo na rubani" hajioni humo. Aandikiwe "ndege ya rubani wa mbali", na yeye mwenyewe aitwe rubani. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Jumuiya ina Kamisheni ya Kiswahili Zanzibar na wakala wa usalama wa anga Entebbe. Taasisi hizo mbili zikae na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Burundi, ziliidhinishe jina hilo, kisha liandikwe kwanza kwenye mabango ya uwanjani.