Kipimajoto cha Speke na kipimajoto cha mke wangu

Wakuu, nimerudi. Nilikuwa nyumbani Kaliua siku tisa, ndiyo maana kijiwe hiki kilikuwa kimya. Safari hii sina habari za tumbaku, wala za pale stesheni ambako reli ya Mpanda inaachana na ile ya Kigoma. Nina habari ya kipimajoto.

Mimi na mke wangu tuko mwaka wa pili wa ndoa na hatujapata mtoto. Kwetu hilo si jambo la kunyamaziwa. Shangazi hakuniuliza mimi. Alimwita mwenzangu jikoni akampa chupa ya asali na mizizi iliyofungwa kwenye gazeti. Gazeti lenyewe ni hili ninaloliandikia.

Shangazi hakujua kwamba kwenye mkoba wa mke wangu kuna daftari. Kila alfajiri kwa miezi minne sasa, kabla hajainuka kitandani wala kunywa maji, anapima joto la mwili wake na kuliandika. Anatafuta siku ambazo yai linapevuka na kutoka. Nami kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza, nikaanza kuchimba historia ya jambo hili.

Nianzie kwetu. Burton na Speke walifika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, wakaendelea na njia ya misafara kuelekea Ujiji. Walikuwa na vipimajoto, si vya homa, bali vya kupimia urefu wa nchi, maana kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Lakini walipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1858 walipima kwa kipimajoto cha kawaida cha kuogea. Wakapata futi 1,800 na ushei. Ukweli ni zaidi ya 2,500. Ukipiga hesabu, kosa lao ni kama nyuzi 0.7 za Selsiasi tu, na ziwa zima likashuka futi mia saba!

Sasa linganisha. Yai likishatoka, mwili hutengeneza homoni ya progesteroni, na joto la alfajiri hupanda kwa nyuzi 0.2 hadi 0.5 hivi, likabaki juu mpaka karibu na hedhi. Yaani kosa la Speke lingeufunika mpando wote huo. Ndiyo maana kipimajoto kiwe sahihi, saa iwe ileile, na usingizi uwe wa kutosha. Malaria ikipita, au usiku wa kukesha msibani, mstari unavurugika.

Walioanza kuuona mstari huo hawakuwa wanatafuta watoto. Daktari Mary Putnam Jacobi wa Marekani alishinda tuzo ya Boylston ya Harvard mwaka 1876 kwa utafiti uliopima joto na mapigo ya moyo ya wanawake. Wakati huo kulikuwa na madaktari wanaume waliodai mwanamke akiwa hedhini hafai kwa masomo wala kazi. Yeye akawajibu kwa vipimo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mholanzi Theodoor van de Velde akauchora mpando huo kila mwezi. Miaka ya 1920, Ogino wa Japani na Knaus wa Austria, kila mmoja kivyake, wakaonyesha kwamba yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo. Mwaka 1935 padri Mjerumani, Wilhelm Hillebrand, akaunganisha joto na kalenda ili watu wapange uzazi. Anayetafuta mtoto anausoma mstari uleule, ila kwa nia tofauti.

Lakini kuna mtego. Joto hupanda yai likiwa limeshatoka, na yai haliishi zaidi ya siku moja. Mbegu za kiume zinaweza kuishi mpaka siku tano. Kwa hiyo siku nzuri ni zile za kabla ya mpando, na huwezi kuzikisia mpaka uwe na daftari la miezi kadhaa.

La mke wangu ni la miezi minne, na kila mwezi mpando upo. Daftari limeshasema lilichoweza kusema kuhusu yeye. Kuhusu mimi halina hata mstari mmoja.

Hapo ndipo niliposhtuka. Katika historia hii yote anayepimwa ni mwanamke, wakati karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, tatizo liko kwa mwanamume pia, au kwake peke yake. Kipimo cha mwanamume ni kikopo kidogo cha maabara. Nimekikwepa mwaka mzima kwa kisingizio cha kazi.

Jioni ya mwisho nikamwambia, "Shangazi, anayetakiwa kupimwa sasa ni mimi." Akanitazama kitambo. Kisha akasema, "Basi asali mle wote."

Jumatatu naenda maabara. Kaka unayesoma hapa, wewe umeshapima?