Wito wa Mikono: Kutoka Tanuru la Bologna hadi Hangar ya Elisabethville

Neno «wito» likitajwa katika paroki zetu, mawazo ya wengi hukimbilia seminari na nyumba za watawa. Huo ni wito mtakatifu, nasi twauombea kila siku. Lakini Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, chatueleza kwamba Mungu alimwita Bezaleli, mwana wa Uri, kwa jina lake, akamjaza roho yake, naye hakuwa nabii wala kuhani. Alijazwa roho ili achonge mbao, akate vito, na kufua dhahabu, fedha na shaba. Sisi wa Lubumbashi, tuliozaliwa katika nchi ya shaba, hatuwezi kuisoma sura hiyo kama habari ya watu wa mbali.

Kanisa linamheshimu fundi mwingine wa namna hiyo: Mwenye Heri Yakobo wa Ulm, msimamizi wa wachoraji wa vioo. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1407, akajifunza ufundi wa vioo tangu ujana wake. Hata hivyo njia yake haikunyooka. Alikwenda Roma kama mhujaji, akawa askari, akawa mtumishi wa mwanasheria, na mwaka 1441 tu, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 30, alipokelewa kama bruda katika konventi ya Wadominiko ya Bologna. Huko hawakumwambia asahau kazi aliyojifunza nyumbani. Walimrudisha kwenye tanuru. Kwa miaka 50 alitengeneza madirisha ya rangi, hata alipofariki mwaka 1491. Papa Leo XII alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1825.

Kazi ya madirisha hayo ni kazi ya subira. Vipande vya kioo hukatwa kimoja kimoja, hupakwa rangi iliyosagwa, huchomwa, kisha huunganishwa kwa vipande vyembamba vya risasi. Moto ukipungua, rangi haishiki; ukizidi, mchoro huharibika. Masimulizi ya shirika lake yasema kwamba siku moja, vioo vikiwa motoni, mkuu wake alimtuma aende kuomba sadaka mitaani. Yakobo aliondoka bila kunung'unika, na aliporudi alivikuta vioo vyake vizuri kuliko vyote alivyopata kuvichoma. Masimulizi hayo yanatufundisha kwamba fundi wa kweli hulipenda tanuru lake bila kuliabudu.

Kuna jambo jingine ambalo kijana wa Katanga anapaswa kulijua. Kioo kitupu hakina fahari ya rangi. Rangi huletwa na madini. Kobalti hutoa buluu nzito, na shaba hutoa kijani na buluu ya maji, au wekundu, kadiri moto unavyoongozwa. Hata kile kilima cheusi kando ya bomba refu la moshi la mji wetu ni mabaki ya shaba iliyoyeyushwa, na sehemu kubwa ya mabaki hayo imeganda kama kioo. Basi malighafi ya uzuri haijatupungukia kamwe. Swali ni nani atakayeitwa kuishika.

Swali hilo liliwahi kuulizwa katika mji huu. Elisabethville ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na mtu mweusi alihesabiwa kwa nguvu za mikono yake: mgodini, kwenye reli, au katika nyumba za Wazungu. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kwa jina la Hangar. Waliokuja kwake hawakuwa watoto wa vyuo. Bela, mzaliwa wa Chad, alikuwa mtumishi wake wa nyumbani. Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka 1914, alikuwa akipaka rangi kuta za nyumba. Mwenze Kibwanga, aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa kijana mwenye umri kama wa wengi kati yenu.

Mwalimu huyo hakuwawekea picha za Ulaya ili wazinakili. Aliwataka watazame maji, nyasi, ndege na wanyama, kisha wachore kwa namna yao wenyewe. Matunda yake yanajulikana hadi leo. Bela aliacha brashi, akachora kwa ncha za vidole. Pilipili alijaza picha zake samaki, ndege na nyoka, juu ya uwanja wa alama ndogo ndogo zilizopangwa kwa uvumilivu. Mwenze alichora kwa mistari mifupi iliyosongamana, utadhani ni kitambaa kinachofumwa. Watu watatu, paa moja, mwalimu mmoja. Lakini mtu akiijua mikono yao hawezi kuichanganya. Mkono uliokuwa ukipaka ukuta kwa amri ya mwingine ulikuwa na ulimwengu mzima ndani yake, na miaka mingi hakuna aliyeuliza.

Tusifiche upande wa kivuli. Ilikuwa ni enzi ya ukoloni, na mgeni ndiye aliyeamua kipi kilikuwa «cha Kiafrika» na kipi mwanafunzi wake asikitazame. Wanunuzi wengi walikuwa Wazungu, na picha nyingi ziliondoka nchini. Je, wito unaopitia mlango wa namna hiyo ni wito wa kweli? Tumkumbuke Samweli. Eli hakumwita; alimwambia tu arudi kulala, na akiitwa tena aitikie. Eli mwenyewe alikuwa na makosa mazito, na Maandiko hayayafichi. Hata hivyo sauti haikuwa yake. Vivyo hivyo, aliyefungua Hangar hakuumba kipaji cha Pilipili. Alifungua mlango, naye Mungu alikuwa amekwisha kuita.

Uthibitisho wake ulikuja mwaka 1954, mwalimu alipofariki. Kama wito ungekuwa mali yake, ungezikwa pamoja naye. Pilipili na Mwenze waliendelea, wakawa walimu katika Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1951 na mchoraji Laurent Moonens. Katika chuo hicho alipita pia Mode Muntu, aliyezaliwa mwaka 1940 na kufariki mwaka 1985, ambaye watu wake wembamba, waliochorwa kama alama za maandishi, hawafanani na mtu yeyote wa Hangar. Mwaka 2015 kazi za Bela, Pilipili, Mwenze na Mode Muntu zilitundikwa Paris, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo. Aliyepokea akatoa, hiyo ni alama moja ya wito.

Leo wako kati yenu wanaochora mabango, wanaofua sahani za shaba, wanaochonga malakiti, wanaochomelea madirisha ya chuma. Mzazi anapomwambia mwana aache kuchezea rangi na kutafuta diploma, husema hivyo kwa kuogopa njaa, na hofu hiyo si upuuzi. Hatuwaambii muidharau. Pilipili alikula kwa kupaka kuta kabla ya kujulikana, na Yakobo alivaa sare ya askari kabla ya kurudi kwenye kioo. Lakini madini yetu huondoka, na rangi hutengenezwa kwingine. Itakuwa huzuni maradufu ikiwa vipaji vyetu navyo vitabaki vimefukiwa kama mawe.

Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1999 kwa wasanii, alifundisha kwamba si wote wanaoitwa kuwa wasanii, ila kila mtu amekabidhiwa maisha yake ili ayafanye kuwa kazi nzuri. Basi, ndugu vijana, tazameni mikono yenu kwa heshima. Mkono unaoirudia kazi ileile hata bila malipo, unaokubali kurekebishwa, na unaowafaa wengine, huenda umeitwa.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Ni kazi gani ambayo mikono yangu huirudia hata nisipotumwa?
2. Katika paroki yetu, nani ana kipaji ambacho hatujawahi kumuuliza habari zake?
3. Nani alikuwa «Eli» wangu, na mimi nitamfungulia nani mlango?

Mwenye Heri Yakobo wa Ulm, utuombee.