Msanii wa Maumbo ya Kupita

Mtu anayeunga majani kwa miiba, akayaweka juu ya kijito, kisha akasimama kuyatazama yakichukuliwa na maji, tumwiteje? Kamusi hujibu upesi: mchongaji wa sanamu. Jibu hilo lina kasoro mbili.

Kuchonga ni kupunguza. Tezo hula gogo. Andy Goldsworthy, msanii Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1956, mara nyingi huunganisha: jani kwa jani kwa miiba, barafu kwa barafu kwa mate yake. Sanamu nayo, neno tulilolipata kwa Waarabu wakimaanisha mungu wa kuchongwa, humfanya msikilizaji angojee mfano wa mtu au mnyama. Mwaka 1967 msanii Richard Long alikwenda na kurudi juu ya nyasi za uwanja mmoja Uingereza mpaka mstari ukatokea, akaupiga picha. Ule ni sanamu ya nani?

Katika msitu wa Walikale, mashariki mwa Kongo, kwamba kitu huweza kupita bila kuharibika ni jambo lisilohitaji mhadhiri. Njia isiyokanyagwa humezwa na magugu. Kibanda cha majani cha mwindaji hulaliwa siku chache, kisha msitu hukichukua. Mwindaji simwiti msanii, maana alitafuta pa kulala tu. Lakini hakuna anayesema kibanda chake kimeharibika. Kimemaliza kazi.

Ndiyo maana naikataa hata “sanaa ya muda”. Daraja la magogo tunaliita la muda kwa sababu tunangojea la chuma. Serikali ya muda hungojea uchaguzi. Kazi hizi hazingojei cha kudumu. Kupita kwake ni sehemu ya kuundwa kwake. Wala “sanaa ya ardhi” haitoshi, kwa kuwa hiyo hubeba pia vya kukaa: Spiral Jetty ya Robert Smithson, tuta la mawe la mita 460 hivi lililojengwa mwaka 1970 katika ziwa la chumvi la Utah, Marekani, lipo hadi leo.

Napendekeza “msanii wa maumbo ya kupita”. Umbo halidai mfano wala tezo: huchongwa, husukwa, hurundikwa, hata hukanyagwa. “Muumbaji” tumwachie Mungu. Najua istilahi ni ndefu, na midomo itataka kuikata iwe “msanii wa kupita”. Hapo nitagoma: kinachopita ni umbo, msanii kesho anarudi kijitoni na miiba yake.