Tetemeko Kubwa la Kenya Halikutokea Mombasa

Agosti 12, 2020, saa mbili na dakika kadhaa usiku, dadangu alipiga simu kutoka Mombasa akihema. Alikuwa ameshuka ngazi kutoka ghorofa ya nne bila viatu, barakoa ameiacha ndani, na majirani wote walikuwa barabarani wakiulizana kama ni bomu ama ni nini. Kumbe ni tetemeko la karibu 6 kwa kipimo, kitovu chake chini ya bahari, kusini mashariki mwa Dar es Salaam. Lilisikika Dar, Zanzibar na Mombasa. Sisi huku Kericho tulikuwa tunakunywa chai. Mama akachukua simu akamwambia, "Si urudi nyumbani tu? Huku ardhi haitingiki."

Hiyo sentensi niliiamini miaka mitatu mizima. Kisha nikaanza kutafuta habari za stesheni ya Lumbwa, ile tunaiita Kipkelion siku hizi, kwa sababu nilitaka kuwatengenezea video ya jinsi kampuni za chai zilivyoingia hapa. Nikaangukia mwaka 1928, na chai nikaisahau kabisa.

Skizeni basi. Usiku wa Januari 6, 1928, ardhi ilipasuka Subukia, kaskazini mwa Nakuru. Ukubwa wake ulikuwa 6.9. Ndilo tetemeko kubwa zaidi lililowahi kupimwa ndani ya Kenya, na ukichora mstari kwa ramani kutoka hapo hadi Kericho ni kama kilomita 100 na ushee. Ufa ulionekana juu ya ardhi kwa karibu kilomita 38, ukifuata ukingo wa Laikipia na Marmanet. Mahali pengine upande mmoja ulishuka mita 2.4 kuliko mwingine. Mlango wa nyumba yenu haufiki hapo. Mwanajiolojia wa Marekani, Bailey Willis, alizunguka Afrika Mashariki muda mfupi baadaye, akaueleza ufa huo katika kitabu alichotoa 1936.

Mbona basi hatukufundishwa? Nimefika hadi chuo kikuu (sawa, nilitoka mwaka wa pili, karo ilinishinda, hiyo mnaijua) na sijawahi kusikia mwalimu akiitaja Subukia.

Nadhani ni kwa sababu hakukuwa na kilio kikubwa. Nyumba za mawe za masetla zilipata nyufa na mabomba ya moshi yakaanguka, lakini watu wengi wa Bonde la Ufa walilala kwenye nyumba za miti, udongo na nyasi. Gogo alizaliwa kwenye nyumba kama hiyo, miaka mingi baada ya tetemeko, na huwa anasema upepo ukija nyumba ilicheza nao. Nyumba inayocheza haikuui kirahisi. Na hata ikianguka, nyasi si slabu.

Huku kwetu, wakati huo, chai ilikuwa ndiyo inaanza. Brooke Bond na kampuni ya James Finlay zilikuwa zimeingia Kericho katikati ya miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis waliondolewa. Hapakuwa na ghorofa Litein, Bomet wala Sotik. Hapakuwa na kitu kirefu cha kuanguka.

Sasa linganisha na Bukoba. Septemba 10, 2016, Jumamosi saa tisa na nusu hivi mchana, tetemeko la 5.9 liliupiga huo mji wa Tanzania ulio ukingoni mwa Ziwa Victoria. Lilifika hadi Uganda, Rwanda na huku Kenya. Watu wasiopungua 17 walikufa, mamia ya nyumba zikalala chini, nyingi zikiwa za matofali. Na kuna hesabu ambayo watu wengi hawaijui: ukipanda namba moja kwenye kile kipimo, nguvu inayotoka ardhini huongezeka kama mara 32. Yaani Subukia, 6.9, ilitoa nguvu ya kama Bukoba 32. Hilo tetemeko likirudi leo usiku, litakuta Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, na huku ng'ambo ya Mau litakuta sisi na bonasi zetu za chai tumeinua mijengo.

Sisemi Pwani wako salama. Desemba 26, 2004, mawimbi ya tsunami yalitoka Sumatra hadi Kenya, na mtu mmoja alikufa. Ila polisi walikuwa wameshawatoa watu ufuoni, maana habari ilifika mapema. Mawimbi yanayotoka Sumatra yanakupa masaa. Ufa ulio chini ya Nakuru haukupi hata dakika, na hakuna polisi wa kukuambia toka jikoni.

Serikali ilishajua, msidhani ni siri. Mwaka 1973 Wizara ya Ujenzi ilitoa mwongozo wa kujenga kwa kuzingatia matetemeko, na nchi ikagawanywa kwa ukali wa mtikisiko unaotarajiwa. Mwongozo una umri wa kuwa babu. Uliza fundi yeyote hapa kwetu kama amewahi kuuona.

Mimi niliuliza. Mjomba anajenga ghorofa nne sokoni, chini maduka, juu vyumba vya kukodisha. Nikamwonyesha ramani kwa simu. Akacheka: "Wewe kijana, ulitoka chuo, sasa umekuwa profesa wa mitetemeko?" Iliuma, sitadanganya. Lakini nilikuwa nimeshaangalia nguzo zake kabla zimwagwe. Zile ringi za chuma zinazofunga nguzo, ambazo ndizo huishikilia isipasuke ikitikiswa, fundi alikuwa ameziweka mbali mbali, kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Anaokoa chuma cha mjomba. Na mjomba anamwita fundi mzuri kwa sababu hiyo hiyo.

Wiki jana akanipigia, sauti ya chini. "Hizo ringi ulisema ziwe karibu kiasi gani?" Nikamwambia mimi si injinia, atafute injinia aliyesajiliwa, gharama yake haifiki kodi ya mwaka mmoja ya duka moja. Akanyamaza, akasema ataona.

Slabu ya pili inamwagwa Jumamosi. Nimemwambia nitakuja kusukuma wilbaro. Nitabeba na tepu ya kupimia.